Hendeli na Kijiti

4 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ukiwa umesimama huwa husomi, unapitisha macho tu huku unatafuta ufunguo. Mimi mzima. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu mvua ianze. Mgongo unauma kama unavyouma kila mgongo hapa machimboni. Bega lako je? Ulisema la kulia halipandi tena kupita sikio.

Habari ya kamati ya kivuko nimeisoma mara tatu. Kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba kila boti ya kuvusha watu iwe na injini, makasia yabaki ya akiba tu, na asiye na injini aondoke gatini. Miaka ishirini na sita umevusha watu hapo kwa mikono yako. Makasia hayo ndiyo yaliyonilea na kunisomesha mpaka darasa la sita, na la saba nililikimbia mwenyewe, usijilaumu. Gati haliachwi.

Sasa unaniuliza tuchukue ipi: mashine ya petroli ya kupachika nyuma ya boti, au dizeli ya kukaa ndani. Shangazi, hilo si swali la kuulizana watu wazima. Dizeli! Hapa shimoni tulikuwa na dizeli ndogo ya kuvuta maji. Miaka minne yeye anavuta maji, mimi navunja mawe, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyeugua. Inakunywa kidogo. Haina plagi za kuloana. Ikimwagikiwa na mvua inapiga chafya moja, inaendelea na kazi. Wameleta pampu ya umeme, kwa hiyo hii wamenipa. Ni yangu kabisa. Sema neno tu, naipandisha kwenye lori.

Salamu kwa wote wa gatini.

Mwanao,
Nyundo

Usicheke mwandiko. Kalamu ni mbovu.


21 Juni

Mwanangu Nyundo,

Marahaba. Nimekaa, nimevua hata viatu. Bega halijambo asubuhi, ila likifika safari ya nne linaanza kunitukana. Kuku wazima, paa nimelizibisha, jirani anauliza kama umeshaota mvi.

Kwanza mwandiko. Kalamu mbovu inakwaruza, hailazi herufi. Herufi zako zote zimelalia kushoto kama boti iliyopakiwa na mlevi. Unaumwa nini?

Pili, hao watu wako. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba glavu mpya hampewi mpaka za zamani zionyeshe kucha. Leo watoe injini nzima? Kwa uzuri wa macho yako?

Tatu, mimi nataka mashine ya kupachika. Muuza mashine alikuja nayo wiki iliyopita, akaifunga kwenye boti ya mwenzangu, akavuka akarudi kabla chai yangu haijapoa. Na yale magugu ya upande wa pili umeyasahau? Ile ya kupachika inainamishwa, rafadha, yale mapanga yake ya kusukuma maji, inatoka majini, unachomoa magugu kama unachambua mchicha, unaendelea. Dizeli yako rafadha yake iko chini ya boti siku zote. Ikinaswa nani atazamia? Mimi na umri huu?

Halafu injini ya ndani inakaa katikati ya watu na kupiga kelele. Boti yangu ni ya mazungumzo, hilo unalijua. Watu wanagombana ng'ambo hii, wakifika ng'ambo ile wamepatana. Mwalimu alimchumbia mkewe kwenye benchi langu la pili. Angemchumbia kwa mayowe?

Miaka saba, Nyundo. Ungekuja tubishane ana kwa ana, ningekushinda haraka zaidi.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na pole na bega. Huku jua limerudi, vumbi limerudi nalo kama mkia. Nakula, nalala. Mwandiko uache, ni uvivu tu.

Magugu: mchomeleaji wetu ananitengenezea kizimba cha nondo cha kuizunguka rafadha. Magugu yatapiga hodi, yatajibiwa hakuna mtu. Kelele: tutaweka bomba refu la moshi, lipande juu na kutoka nyuma. Na anayetaka kuchumbia asubiri afike nchi kavu, ambako aliyekataliwa ana pa kwenda.

Sasa nikwambie siri ya kuiwasha, maana najua ndicho unachokiogopa. Pembeni kuna hendeli ya kuzungusha. Juu ya kichwa cha injini kuna kijiti cha chuma. Ukiinua kile kijiti, injini inaachia pumzi yote, gurudumu linazunguka bila ubishi. Unazungusha, unazungusha, likishapata mwendo unaachia kijiti. Tu! Tu-tu-tu! Imewaka. Mkono mmoja hendeli, mkono mmoja kijiti, basi. Si nguvu, ni kujua wakati wa kuachia. Hata mpishi wetu wa hapa ameshaiwasha, na yeye hana mwili wa kutisha hata paka.

Jambo kubwa ni uzito. Dizeli ina uzito wa mifuko miwili ya saruji, lakini inakaa katikati na chini. Ile ya kupachika ni nyepesi, chini ya mfuko mmoja, lakini inaning'inia nyuma kabisa, na wewe mwenyewe unakaa nyuma hapo hapo kushika usukani. Usiniamini mimi. Weka uzito kwenye boti ujionee.

Umeuliza kwa nini wamenipa. Ilikuwa imekaa bure. Kuhusu kuja, nitakuja. Siwezi kurudi mikono mitupu.

Mwanao,
Nyundo


2 Agosti

Nyundo mwanangu,

Marahaba. Nimecheka tangu juzi mpaka mbavu zimenisahaulisha bega. Kaa nikusimulie.

Mifuko ya saruji sina. Lakini ninaye fundi cherehani wa pale gatini, na tangu uondoke amekuwa mifuko miwili na zaidi. Nikamwambia, leo wewe ni dizeli. Nikamkalisha katikati, chini kabisa, kati ya benchi la pili na la tatu. Akauliza, "Dizeli inaruhusiwa kula karanga?" Nikamwambia inaruhusiwa, mradi isitikisike. Abiria wakapanda: mkunga wa zahanati, muuza mayai na trei zake, mwalimu na mkewe. Nikapiga makasia. Nyundo, boti ilitulia kama kuku anayeatamia! Katikati ya maji yule bwana akaanza, "Tu-tu-tu-tu," na karanga mdomoni. Mke wa fundi akapiga kelele kutoka gatini, "Hata ukiwa chuma hunyamazi!"

Safari ya pili nikamshusha, nikampandisha huyo mkewe. Yeye ni mwembamba kama uzi wa mumewe, hafiki hata mfuko mmoja. Nikamkalisha ukingoni nyuma kabisa, miguu nje: mashine ya kupachika. Mimi pembeni yake. Aisee. Pua ya boti ikaelekea mbinguni. Trei za mayai zikaanza safari kuja kwetu, muuza mayai akazidaka kwa mapaja na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mkunga akasema, "Mama mjamzito nikimpandisha humu, atajifungua kabla ya katikati." Fundi cherehani akawa anaruka gatini, "Mnaona? Mnaona nani mwenye faida katika ndoa hii?"

Mimi bado sikukubali. Nikamwita yule muuza mashine niiwashe ya kwake kwa mkono wangu. Ina kamba, unaivuta kwa nguvu. Akasema, "Vuta mama, kama unavuta ng'ombe mkaidi." Nikavuta. Bega likalia kama mlango wa stoo, kamba ikaniponyoka, nikajikuta nimekaa majini mpaka kiunoni, gauni limenizunguka kama mwavuli. Nikamwambia, baba, mashine yako ni nzuri, kampe mwenye mabega.

Kuhusu kelele, nimewauliza abiria. Wanasema watazungumza kwa sauti kubwa, kwani nani alikuwa ananong'ona? Mke wa mwalimu anasema hata siku ya kuchumbiwa ilikuwa mayowe, upepo ulikuwa mkali.

Kwa hiyo umeshinda. Usijisifu. Seremala ameanza kunitengenezea kitanda cha injini cha mbao ngumu, na tundu la shafti, kile chuma cha kuizungusha rafadha, ametoboa bila kuivunja boti, ingawa nilifumba macho. Leta dizeli. Uilete mwenyewe, maana karatasi haifungi injini. Nitajie siku, nikupikie.

Shangazi yako


14 Septemba

Nyundo,

Leo sijui nikusalimu au nikuchape. U mzima? Nauliza kwa kutaka jibu.

Wiki sita sikupata barua. Jumamosi likaja lori. Dizeli imefungwa kwa turubai vizuri kama mtoto mchanga, shafti ipo, rafadha na kizimba chake vipo, na karatasi ya michoro yenye mishale kila mahali. Salamu hakuna. Wewe hukuwemo.

Walipokuwa wanashusha, dereva akaniuliza kwa upole kabisa, "Vidole vya kijana wako vimepona, mama?" Nikasema, vidole gani? Akasema, "Aa, nilikuwa nadhani mtu mwingine," akaenda kukagua tairi. Nyundo, mtu mzima alikagua tairi dakika ishirini.

Seremala ameiweka dizeli kwenye kitanda chake kwa kufuata mishale yako. Imekaa sawa. Haiwaki. Nikishika hendeli kwa mkono wa kulia, bega linakataa katikati ya mzunguko. Nikishika kwa wa kushoto, nazungusha kama nakoroga uji. Fundi cherehani alijaribu. Alizungusha vizuri akasahau kuachia kijiti, mara ya pili akaachia mapema, hendeli ikamrudisha nyuma, sasa anasema yeye na dizeli hawaelewani ingawa ni ndugu. Mwenyekiti wa kamati amepita mara mbili. Anaangalia injini, ananiangalia mimi, anaangalia tarehe kwenye saa yake.

Hayo niachie. Wewe nijibu habari ya vidole. Usinijibu habari ya kitu kingine chochote.

Shangazi yako


30 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Vitatu.

Mkono wa kulia. Kidole gumba kimebaki na cha mwisho kimebaki, vinaangaliana kama wapangaji wawili katika nyumba ambayo wenzao wamehama. Ilikuwa Aprili. Jiwe lilikwama kwenye mkanda wa mashine ya kusaga kokoto, nikaingiza mkono kulitoa bila kuzima. Tulifanya hivyo sote kila siku, kwa sababu kuzima na kuwasha upya kulimuudhi msimamizi. Sikusikia maumivu, nilisikia kelele za wenzangu. Daktari alifanya kazi nzuri. Kidonda kimefunga, hakinuki, hakitoi kitu. Hapo ndipo mwandiko ulipolala: naandika kwa kushoto.

Wenye machimbo waliniuliza baada ya matibabu ninataka fidia gani. Nikasema ile dizeli ya shimoni. Walitazamana kama nimeumia na kichwa. Lakini barua yako ya kwanza ya kamati ilikuwa mfukoni mwangu tangu hospitali, ikiwa na alama ya chai ya kikombe chako, na mimi nilikuwa sina wazo lingine. Kwa hiyo si dizeli iliyonila, Shangazi. Usiichukie. Yeye ndiye kitu kizuri pekee kilichotoka katika siku ile.

Na kuna uwongo mmoja nikutolee. Niliandika kwamba mpishi aliiwasha. Aliiwasha, lakini si peke yake. Nilipotoka hospitali nilitaka kujua kama bado naiweza. Mkono wangu wa kushoto ulizungusha hendeli bila shida. Ila kijiti kile ni kigumu, kinataka vidole vitatu, na ndivyo vile vitatu nilivyopoteza. Nikasimama pale nazungusha kama mjinga. Mpishi akaja na mwiko wake mkononi, akainua kijiti, akakiachia nilipomwambia. Ikawaka. Nilisahau kwamba wewe utakuwa peke yako. Nilitaka sana kushinda ubishi wetu, nikaandika kama mtu mwenye mikono miwili.

Sasa nakaa getini hapa machimboni, nateremsha kamba magari yakija, naipandisha yakipita. Inachosha kuliko mawe. Mawe angalau unaweza kuyakasirikia.

Nilisema sitarudi mikono mitupu. Sasa mmoja si mtupu tu, umepungua. Nitakujaje gatini nikiwa hivi, watu wote wale wananijua? Tafuta mtu mwenye nguvu wa kukuzungushia hendeli. Nisamehe.

Nyundo


12 Oktoba

Mwanangu,

Mimi mzima, bega ni lile lile, na mtu wa kunizungushia hendeli nimeshampata. Yuko getini anateremsha kamba.

Nimelia. Nililia Jumanne, kuanzia chai mpaka safari ya pili, na abiria wakadhani ni upepo. Nimemaliza. Sina tena machozi ya kukuchangia, kwa hiyo usije na ya kwako.

Nisikilize, wewe uliyeishia darasa la sita, hesabu hii ni ya darasa la pili. Mimi bega nimebakiwa na moja, lakini vidole ninavyo kumi, na vyote vina akili. Wewe vidole umebakiwa na saba, lakini mabega unayo mawili. Mimi nakaa upande wa kijiti, wewe unakaa upande wa hendeli. Hapo tayari kuna mtu mmoja kamili na anabaki na chenji. Mpishi na mwiko wake aliliona hilo, wewe umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, na bado hukuliona!

Ile mashine ya kupachika ingetaka mtu mmoja mwenye nguvu. Hiyo dizeli yako inataka watu wawili waliochakaa. Nani kakwambia sisi hatufai?

Kuhusu watu wa gatini, nimewaambia wote, nikiwa nimesimama juu ya benchi, ili usije ukapata kazi ya kumwambia mmoja mmoja. Fundi cherehani amesema atakushonea glavu yenye vidole viwili, na kwamba atatumia kitambaa kidogo, kwa hiyo ana furaha. Mkunga anataka kukagua kidonda. Mke wa mwalimu ameuliza kama bado hujaoa. Nimesema barua zako hazina dalili.

Na mikono mitupu, mlangoni kwangu nani amewahi kukagua mikono ya mtu? Ukija umebeba vitu nitaviweka wapi? Nyumba imejaa makasia.

Usijibu barua hii. Posta inakwenda polepole kuliko lori.

Shangazi yako


2 Novemba, kutoka gatini, kwa mkono wa jirani

Nyundo,

Nimekuacha ulale, ulikuwa unakoroma kama mwenzako wa kwenye boti. Chai iko kwenye chupa, mkate chini ya sahani, na maji ya kuoga ni ya ndoo ya kijani, si ya bluu, ya bluu ni ya kuku.

Niko gatini. Rangi ya namba ya kibali ambayo mwenyekiti wa kamati alituandikia ubavuni mwa boti jana tulipoiwasha bado mbichi, nimewakataza watu wasiegemee upande huo. Abiria wameshajaa: mkunga yupo, mayai yapo, mwalimu anaangalia saa. Nimeweka mkono kwenye kijiti, upande wako hakuna mtu. Fundi cherehani amejitolea kupiga tu-tu-tu kwa mdomo mpaka ufike, na nakuomba uharakishe, maana amekwisha anza.

Njoo na kikombe changu.

Shangazi


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, herufi zimelalia kushoto:

Shangazi, shikamoo. Nimeamka. Namrudisha jirani akuletee karatasi hii mbio, mimi navaa glavu. Kikombe ninacho. Usiguse kijiti mpaka niseme.

Nyundo